Ukuta wa Mzee Hango Ulipoacha Kutoka Jasho

Wanangu mnaoanza kazi ya maabara, mmeniomba niwaandikie namna mtu anavyoweza kuifanya kazi hii miaka yote na kustaafu bila doa. Mmekosea mtu. Mimi doa ninalo, tena lina ukubwa wa ukuta mzima. Liko Mgori, kwenye baraza la ghala la kijiji, na ukifika pale ukauliza, mtu yeyote atakupeleka ukalione. Nitawaandikia hata hivyo, kwa sababu magoti yananiuma, kupalilia leo siwezi, na kukaa hapa Mwankoko nikigombana na kuku kunanichosha kuliko kazi ilivyowahi kunichosha.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya maji, Singida mjini. Kazi yetu ilikuwa kupima maji ya visima: yana chumvi kiasi gani, yataharibu meno ya watoto au hayataharibu, yana vijidudu au hayana. Kila nilipokwenda nilikuwa na chupa mkononi, hata watu wakaniita Mama Chupa, na jina nililopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti. Kuhusu picha na rangi sikujua lolote. Kama mwaka wangu wa kwanza kazini mtu angeniambia kwamba nitamaliza nikikwangua mbingu ya mchoraji kwa wembe, ningecheka.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Kitundu, mtu wa Iramba, mwembamba, mkali, asiyependa kelele wala manukato. Siku moja alinipa maji safi kabisa, yale ambayo mafundi wa magari huyaita maji ya betri, akaniambia nipime chumvi. Nikapima. Nikampelekea jibu: yana chumvi nyingi. Akaniangalia. Akaniambia nipime tena. Nikapima tena, chumvi ikawa nyingi zaidi.

"Mama," akaniuliza, "asubuhi umekula nini?"

"Karanga za kukaanga, mzee."

"Na mikono umenawa?"

Nikaiangalia. Karanga zilikuwa na chumvi, na vidole vyangu vilikuwa vinaingia kwenye kila chupa. Akanipeleka kwenye karo mwenyewe kama mtoto, akafungua bomba, akasimama pale mpaka nilipomaliza. "Unachokipima hapa ni wewe," akasema. "Ukishajiondoa wewe, ndipo utapima maji." Leo mna mashine zinazosoma zenyewe na kuchapisha majibu, na ninawaonea wivu, maana sisi tulikuwa tunahesabu matone mpaka macho yanatoka machozi. Lakini mashine yenu nayo inashikwa na mikono, na mikono hiyo nayo ina chumvi zake.

Mzee Kitundu alikuwa na sheria nyingine, ambayo tuliichukia kwa sababu ilijaza makabati. Kila sampuli uliyoletewa, kabla hujaitia dawa yoyote, bakiza chupa moja. Usiipime, usiichemshe, usiionje. Iandike jina, iweke kabatini. Tukimuuliza ya nini, anasema, "Siku utakayogundua kwamba ulikuwa mjinga, utataka kurudi mwanzo. Sasa utarudi wapi kama mwanzo umeumwaga?" Tulikuwa tunamwigiza akiondoka. Mimi nilikuwa namwigiza vizuri kuliko wote.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Hango.

Mzee Hango alikuwa mchoraji wa Mgori. Alianzia Shelui, akichora mabodi ya malori yanayolala pale: simba, tai, maneno ya madereva ya kuwatania wenzao. Baadaye akarudi kwao na kuanza kuchora anachotaka yeye, juu ya mbao, juu ya viroba vya unga vilivyofuliwa, na juu ya kuta. Watu wa mjini wakaanza kuzitafuta picha zake. Walichokitaka hasa ni bluu yake. Ilikuwa bluu yenye uhai, inang'aa na haing'ai, na wachoraji wenzake waliojaribu kuiiga waliambulia rangi ya milango ya maduka. Wakimuuliza anachanganya nini, alikuwa anasema, "Nachanganya nilivyo navyo," kisha anaomba radhi aende akaangalie ng'ombe. Alikufa na siri yake, na miaka michache baadaye watu wa chuo kutoka Dar wakaja kuitafuta. Walihitaji mtu wa huku anayejua chumvi na maji. Wakaniazima kutoka maabara ya maji. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu, nimechoka na visima, nikaona hii ni kama likizo.

Kazi kubwa ilikuwa ule ukuta wa ghala. Mzee Hango alikuwa ameuchora mwenyewe, bila kuombwa, kwa miezi mingi. Chini kuna wanawake wanaopanda mtama, nyuma yao ng'ombe wachache, na juu yao mbingu. Mbingu ilichukua karibu sehemu mbili kati ya tatu za ukuta. Sisi tuliiona kiangazi, kwa sababu ndipo barabara zinapitika, na kiangazi mbingu ile ilikuwa imepauka, ina vumbi jeupe juu yake kama mwili usiopakwa mafuta. Upande wa chini plasta ilikuwa imeanza kumomonyoka.

Aliyeomba msaada alikuwa binti yake, Zainabu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkulima, mjane, na nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka ghalani. Alikwenda mwenyewe mpaka ofisi ya kata kusema kwamba ukuta wa baba yake unaliwa. Siku ya kwanza alitupokea kwa heshima zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri mama. Mmekuja kumtibu baba?"

Nikamwambia ndiyo. Kaburi la Mzee Hango halikuwa na hata jiwe lenye jina, na picha zake nyingine zote zilikuwa zimeshakwenda kwa watu. Kilichobaki kwa Zainabu ni ule ukuta, na alitaka jambo moja tu: uishi kuliko yeye. Nilimwahidi hivyo mbele ya watu. Naomba mlikumbuke hilo katika yote nitakayoyasema.

Tulifanya kazi vizuri, siwezi kusema uongo. Mtaalamu aliyetoka Dar, dada kijana mwenye akili nyingi, alikuja na mashine ya kushika mkononi kama bastola. Anaielekeza ukutani, inalia, inamwambia ndani ya rangi kuna nini. Mimi nilikuwa na wembe, hadubini, na kisanduku cha vikopo. Unakwangua punje ndogo kuliko mbegu ya mchicha, unaizamisha kwenye gundi inayokauka ngumu, unaikata, na ukiangalia ubavu wake unaona matabaka: plasta, chokaa, rangi ya kwanza, rangi ya pili. Mchoraji anaweza kuficha mdomo wake, lakini matabaka yanasema alianza na nini na akabadili mawazo wapi.

Bluu ya Mzee Hango, ile iliyowatoa watu jasho mjini, ambayo mtu mmoja aliapa ni unga wa jiwe la thamani, ilikuwa bluu ya kufulia. Ile ile ya dukani, inayowekwa kwenye maji ya mashati meupe. Yule dada wa Dar alicheka mpaka akakaa chini. Ndani yake kulikuwa na mkaa uliosagwa laini kidogo. Na gundi yake? Nikachukua punje, nikaichoma kwenye ncha ya sindano. Ikatoa harufu ya manyoya ya kuku yanayobabuliwa. Harufu hiyo ukiipata, jua kuna kitu cha mnyama: ngozi, yai, au maziwa. Tukapima, ikawa maziwa mgando. Basi nikajua na kingine: maziwa mgando peke yake hayashiki rangi mpaka uyalainishe kwa kitu kikali kama magadi. Hapo ndipo chumvi ilipoingia kwenye hadithi.

Mbingu ilikuwa imejaa chumvi. Siyo ile ya ziwani, ambayo sisi wa Singida tunaijua kwa kula kuta zetu. Hii ilikuwa chumvi ya majivu, na ilikuwa nyingi mno, mara nyingi zaidi ya inayohitajika kulainisha maziwa. Niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: IMEZIDI.

Siku hiyo hiyo kuku alinifundisha kazi nami nikakataa kufundishwa. Nilikuwa nimepanga sampuli kwenye sinia barazani kwa Zainabu ili niziandike majina. Nikaingia ndani kuchukua kalamu. Nilipotoka, mtetea wake alikuwa juu ya sinia. Alikuwa amekula sampuli namba nne, tano, sita na saba. Zile tatu za kwanza alizidonoa akazitema. Zainabu alimfukuza kwa kanga akiomba msamaha, mimi nacheka, dada wa Dar hacheki hata kidogo. Namba moja mpaka tatu zilikuwa za mbingu. Nne mpaka saba zilikuwa za wanawake na ng'ombe. Nikakwangua nyingine, nikaandika kwenye ripoti kwamba sampuli nne zimeliwa na kuku, na kule Dar wakadhani ni utani wangu.

Mnaona nilichokuwa nacho mkononi? Kuku asiye na cheti alibagua. Hata hizo sampuli mpya nilipozipima, jedwali langu mwenyewe lilisema vilevile: mbingu imejaa chumvi, wanawake na ng'ombe karibu hawana. Mtu yule yule, maziwa yale yale, ndoo pengine ile ile, lakini sehemu moja ya ukuta ina chumvi na nyingine haina. Nilipaswa kukaa chini nijiulize kwa nini. Badala yake nikaangalia juu, nikaona bati lina tundu, nikasema maji yamepitia kule yakabeba chumvi. Nilikuwa nimechoka, jua ni kali, na jibu lilikuwa karibu.

Tena ninyi mnajua tulivyo sisi watu wa huku. Ukuta ukitoka chumvi, hatuulizi. Tunakwangua, tunaosha, tunapiga rangi upya. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo. Nilimwona Mzee Hango kama jirani mwingine aliyejengea udongo wa kandokando ya ziwa. Nikaandika kwenye ripoti sentensi ambayo naijua kwa moyo mpaka leo: "Wingi wa chumvi katika eneo la mbingu ni kasoro ya maandalizi, iliyotokana na msanii kutokuwa na elimu ya vifaa." Yule dada aliisoma akasema imekaa vizuri. Nikajisikia vizuri.

Tukautibu ukuta. Unachukua karatasi laini, unailoweka kwenye maji safi mpaka inakuwa uji, unaibandika ukutani kama dawa kwenye uvimbe. Ikikauka inanyonya chumvi na kutoka nayo. Unabandua, unabandika nyingine. Tulifanya hivyo wiki mbili na nusu, mgongo wangu haujawahi kurudi kama ulivyokuwa. Kila tulipobandua, bluu ilitoka chini ya lile vumbi jeupe ikiwa safi, na watu waliopita walisimama wakashangaa. Mwisho tukapaka vanishi nyembamba ili unyevu usiingie tena.

Ilipokaribia siku ya vanishi, Zainabu alikuja akasimama nyuma yangu na birika la chai.

"Mama, na lile jasho?"

"Jasho gani?"

"La ukuta. Ukuta wa baba huwa unatoka jasho."

"Ndilo tunaloliondoa, mwanangu. Jasho ndilo linalokula plasta. Halitatoka tena."

Akabaki amesimama. Nilimwona anafungua mdomo. Kisha akanimiminia chai, akaniuliza kama sukari inatosha, nikasema inatosha, akaondoka. Tulikuwa na fomu ya kumhoji mwenye mali, kurasa nne: picha ilichorwa lini, kwa vifaa gani, imewahi kutengenezwa, imewahi kuhamishwa. Zote alikuwa ameshajibu. Hapakuwa na swali linalouliza picha hii inafanya kazi gani. Nani angefikiri picha ina kazi?

Kitu kimoja nilikifanya sawasawa, na nilikifanya kwa mazoea tu. Chini kwenye kona ya kulia ya mbingu, karibu na mlango wa ghala, niliacha sehemu ndogo yenye ukubwa wa kiganja. Sikuibandika karatasi wala sikuipaka vanishi. Dada wa Dar aliona inachafua kazi. Nikamwambia nisipobakiza, mkuu wangu wa zamani atafufuka.

Tukafunga vifaa tukaondoka. Watu wakapiga picha, wakapiga makofi. Mimi nikarudi kwenye visima vyangu.

Mwezi wa kumi na mbili simu ikaita nikiwa maabara, na bomba la kupimia mkononi. Alikuwa Zainabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, juzi mvua imenyesha."

"Alhamdulillahi."

"Ukuta haukusema kitu."

Sikuelewa. Nikamwambia hiyo ni habari njema, vanishi inafanya kazi. Nikasikia mbuzi upande wa kwake. Kisha akasema taratibu, kama unavyomweleza mgeni, "Mama, ule ukuta ndio uliokuwa unatuambia tupande."

Nilikwenda Mgori siku iliyofuata. Sikumuaga hata mkuu wa kitengo. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba ni mambo ya wazee, imani tu. Nilipofika niliuona ukuta kwa mbali, safi, bluu, unapendeza kama bango la sabuni. Nikasimama mbele yake. Mawingu yalikuwa mazito nyuma yangu, hewa inanata shingoni, na mbingu ya Mzee Hango ilikuwa kavu, haijui lolote.

Zainabu alinikaribisha jikoni, na hapo ndipo aliponieleza kile ambacho kila mtu pale kijijini alikijua tangu utotoni. Kiangazi mbingu hupauka. Siku chache kabla ya mvua za kweli huanza kukolea kutoka juu, asubuhi ya kwanza kidogo, asubuhi ya pili zaidi, na asubuhi ya tatu inakuwa nyeusi na ina matone. Mawingu ya uongo yanayopita mwezi wa kumi na moja hayaisumbui. Watu wana redio, wana simu, wanasikiliza utabiri kama wengine, lakini kabla ya kutia mbegu ardhini kila mmoja alikuwa anapita ghalani kuangalia. Mwaka ule walipita, wakakuta ukuta umetulia, wakasubiri. Mvua ya kwanza ikaanguka mashamba yakiwa hayajaguswa.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. Nasikia aibu kuandika kwamba nilimuuliza hivyo, kama vile kosa ni lake.

"Nilikuambia jasho, mama. Ukasema unaliondoa. Mlikuwa na mashine, mlikuwa na glovu. Nikasema hawa watakuwa wamejua njia ya kuuacha uone mvua bila kumomonyoka." Akakoroga chungu. "Na sitakuficha. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia tangu mvua ile mpaka nimeshindwa kula. Ni mimi niliyewaita, ndiyo maana sijui nimkasirikie nani zaidi."

Nikakaa kwenye kigoda na kumwangalia akipika. Alikuwa anapika mlenda, na kando yake kulikuwa na kopo lililotobolewa chini, limejaa majivu, limening'inia juu ya bakuli. Alimwagia maji juu, na chini yakawa yanadondoka maji ya rangi ya chai. Sote tumekulia jikoni kwenye kopo kama hilo. Maji ya majivu ndiyo yanayolainisha mlenda, mama yangu alikuwa na kopo lake, na mimi mwenyewe ninalo.

"Haya ni majivu ya nini?" nikauliza.

"Mabua ya alizeti. Ndiyo makali kuliko yote. Baba naye alitumia haya." Akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. "Mimi nikionja yakiwa hivi, naacha. Yeye alikuwa anayachemsha mpaka yanabaki kijiko, anaonja, anayachemsha tena. Ya kuchorea wanawake na ng'ombe alikuwa anayazimua kwa maji mpaka yanapoa ulimini. Ya mbingu aliyaacha makali. Mama alikuwa anamgombeza kwamba atajichoma ulimi."

Wanangu, nilikuwa na cheti cha kupima chumvi. Nilikuwa nimekaa kazini zaidi ya miaka thelathini. Chumvi ya majivu ya alizeti inavuta unyevu kutoka hewani, hilo niliwafundisha vijana kwa mdomo huu: acheni kopo wazi, mkirudi mtaikuta imelowa. Hewa ikianza kubeba maji, chumvi inayanywa kabla wewe hujasikia lolote kwenye ngozi, na rangi ikilowa inakolea. Mzee Hango aliyajua haya yote kwa ulimi. Alichora mbingu inayoona mvua, na mimi nikaandika kwamba hakuwa na elimu ya vifaa. Siri iliyowaleta watu kutoka Dar tuliinyonya kwa karatasi, tukaikunja, tukaitupa kwenye shimo la taka nyuma ya ghala.

Nililia jikoni pale, mtu mzima. Zainabu hakunibembeleza. Alinipakulia ugali wa uwele na mlenda, akaniambia kula mama, utapata vidonda vya tumbo.

Tulijaribu kurudi nyuma. Yule dada wa Dar alikuja kwa mara ya pili, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu angeweza kutuma barua tu. Alijaribu kuiondoa vanishi kwenye sehemu ndogo kama ukucha, na pamba ikatoka na bluu. Akaacha hapo hapo. Nikamwomba Zainabu atuchanganyie yeye rangi mpya, apake mbingu juu ya ile. Akakataa.

"Baba alikuwa anapima kwa ulimi," akasema. "Ulimi ule tumeuzika."

Niliandika ripoti ya pili. Ile sentensi niliifuta, nikaandika kwamba wingi wa chumvi ulikuwa kazi ya makusudi ya msanii, na kwamba kasoro ya maandalizi ilikuwa yangu. Mkuu wa kitengo aliniuliza kama ni lazima nijiandike hivyo wakati nimekaribia kustaafu. Nikamwambia nimechoka, apige muhuri. Hayo ndiyo maandishi ya mwisho ya maana niliyoyafanya kazini. Baadaye wakanipa kikombe chenye jina langu, na jina lenyewe walilikosea.

Nimewaeleza kuhusu kona ya kulia, karibu na mlango. Siku ile ya mlenda nilikuwa nimeisahau kabisa. Wakati wa kuondoka Zainabu alinisindikiza mpaka ghalani, akasogeza benchi lililokuwa limeegemezwa pale, akainama. "Hiki nacho ulikifanya nini?" akaniuliza. Kile kipande cha ukubwa wa kiganja kilikuwa cheusi tii, na tone moja lilikuwa limeanza kushuka kutoka juu yake. Tulipofika barabarani mvua ilikuwa imeshatufikia, nikapanda gari nikiwa nimelowa mpaka viatuni.

Sasa benchi halikai tena pale. Zainabu ameweka mawe mawili kuzuia watoto wasiguse, na watu wa Mgori siku hizi huinama kwenye mlango wa ghala kama wanaochungulia panya. Wengine wananicheka, wengine hawajanisamehe, na sijawaomba. Plasta ya kona ile inamomonyoka kidogo kila mwaka. Nimekatazwa kuitibu, na sina hamu ya kuitibu.

Mkinihitaji kwa ushauri wa mashine, msinitafute, zimenipita. Ila mkipewa kitu cha mtu mkipime, mwulizeni kwanza kinamfanyia nini, hata kama fomu haina nafasi ya kuandika jibu. Mkimwona anafungua mdomo halafu anawamiminia chai, wekeni kikombe chini. Na bakizeni chupa.

Kila mwaka mwezi wa kumi na moja ukifika, silali usingizi mzuri mpaka simu ilie. Mwaka huu ililia Jumanne asubuhi nikiwa nawapa kuku maji. Ni picha tu, haina maneno: kipande cha ukuta, cheusi, kimelowa, na pembeni yake Zainabu ameweka kiganja chake ili nione ukubwa. Niliiangalia kwa muda mrefu. Halafu nikainuka, magoti yakipiga kelele, nikaenda kutoa mbegu.